Dhahabu kwa Speke, fedha kwa Bombay

NYAHANGA, KAHAMA. Mwaka 2026 inatimia miaka 150 tangu Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London impe Sidi Mubarak Bombay medali ya fedha na pensheni. Hapa Nyahanga, ambako bei ya gramu ya dhahabu huulizwa kabla ya chai, jina lake ni nadra kulisikia.

Medali za dhahabu za Jumuiya hiyo zilikuwa za wakubwa. Mwaka 1860 alipewa Lady Franklin, aliyegharamia msafara wa kumtafuta mumewe aliyepotelea kwenye barafu ya kaskazini. Mwaka 1861 ikawa zamu ya John Hanning Speke, kwa "kugundua" ziwa ambamo Wasukuma walikuwa wakivua tangu enzi za mababu.

Julai 1858 Speke alimwacha mwenzake wa safari, Richard Burton, akiugua Tabora, akashika njia ya kaskazini kukatiza nchi hii hadi Mwanza. Kiswahili hakukijua. Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa India, alikuwa amerudi na Kihindi. Speke akisema Kihindi, Bombay anageuza Kiswahili, na mazungumzo na watemi yanaendelea. Bila kinywa hicho, safari ingeishia wapi?

Na kinywa hicho ndicho kilichopigwa. Katika safari ya pili, mwaka 1862 huko Uganda, walibishana kuhusu amri ya Speke. Bombay akakataa kutii, Speke akamtwanga ngumi. Speke mwenyewe alikiri katika kitabu chake kwamba alijivunjia heshima. Mpelelezi mwingine, Stanley, aliyemwajiri Bombay mwaka 1871, aliliona pengo la meno ya mbele na kuandika kwamba ni kazi ya ngumi ya Speke. Cha ajabu, alimlaumu Bombay: eti alidekezwa mno hadi akathubutu kusimama kupigana na bwana wake.

Baadaye Bombay alivuka bara na Verney Lovett Cameron hadi pwani ya Atlantiki. Mwaka 1876 Cameron alipewa dhahabu, Bombay fedha. Njia ilikuwa moja. Bombay alifariki mwaka 1885.

Speke ana ghuba yake ziwani, jirani na Mwanza. Manispaa ya Kahama inafungua mitaa mipya kila kukicha; madiwani, mmoja upeni jina la Bombay kabla mwaka huu wa 150 haujapita.