Kibo, Mawenzi na Tandiko Lao

Ramani nyingi za Kilimanjaro bado zinaiita nafasi iliyo kati ya Kibo, mita 5,895, na Mawenzi, mita 5,149, kwa neno la Kiingereza la kiti cha farasi. Kiswahili kina neno lake, tandiko, ila wapo wanaolipinga: Mchaga na farasi, wapi na wapi?

Hoja hiyo ingesimama kama tandiko lingekuwa la mnyama tu. Asili yake ni kutandika, na sisi hutandika kitanda, jamvi na punda. Mpandaji atokaye kambi ya Horombo kwenda Kibo akishapita Maji ya Mwisho huingia mahali palipotandazwa kwelikweli: changarawe, vumbi, vilima vichache vya volkano, na vishada vya maua makavu kama karatasi. Ni jangwa la mita 4,300 hivi juu ya bahari. Chini ya miguu yake kuna lava ya milima yote miwili. Wahenga walisema milima haikutani, hii imekutana.

Kutandika ni kuchapa pia, na hapo Wachaga wana lao la kusimulia. Moto wa Mawenzi ulizimika, akaenda kwa jirani yake Kibo kuomba kaa. Akapewa. Akarudi tena, na tena, hata Kibo akachoka, akanyakua mchi na kumtandika. Ndiyo sababu Mawenzi ana kichwa kilichomeguka. Wanajiolojia watakwambia ni mmomonyoko, lakini kwenye jambo moja wanakubaliana na wazee: moto wa Mawenzi ndio uliotangulia kuzimika.

Je, tuseme uwanda? Hapana. Uwanda tuuachie Shira, upande wa magharibi, ambako volkano ya kale iliporomoka na kuacha eneo pana la juu. Kipito nacho ni njia ya kuvukia, hata pasipo na vilele. Tandiko ni umbo: hushuka kutoka vilele viwili, kisha huteremkia pande mbili, huku Marangu, kule Rongai na mpaka wa Kenya.

Basi wachora ramani waandike Tandiko la Kibo na Mawenzi, majina yote mawili, kwa maana hakuna tandiko la mlima mmoja.