Unanunua Bembea ya Kulalia Kambini kwa Mara ya Kwanza? Usianze na Bembea

Picha za mtandaoni zinavutia kweli. Miti miwili, kitambaa cha rangi kimening'inia katikati, mtu amejilaza anatazama ziwa huku kikombe cha kahawa kiko mkononi. Kinachokosekana kwenye picha hizo ni saa tisa usiku. Muda huo ndipo mgongo unapoganda, shingo inauma, mbu wanapiga kelele sikioni na mwenye bembea anajiuliza kwa nini hakukodi hema kama wenzake.

Wengi wanaojaribu mara moja na kuacha hawakushindwa na bembea yenyewe. Walinunua kitambaa tu, wakasahau vitu vinne vinavyokifanya kiwe kitanda: mikanda ya kufungia, kinga ya baridi kwa chini, chandarua na turubai la mvua. Kumbe mara nyingi kitambaa ndicho cha bei rahisi kuliko vyote. Basi kabla hujabonyeza "nunua", ni vizuri kupanga pesa yako kwa kuanzia nje kuja ndani.

Kwanza, utalala wapi?

Bembea inahitaji miti. Hilo linaonekana jambo la wazi hadi ufike mahali ambapo haipo. Anayepanda Kilimanjaro akidhani atatundika bembea kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, atakuta mawe matupu. Mbuga za nyasi nazo zina miti michache, na iliyopo ni migunga yenye miba inayotoboa kila kitu, mingine ikiwa makazi ya sisimizi wakali.

Sehemu zinazofaa ni kama misitu ya milima ya Usambara kule Lushoto, mashamba ya miti yenye kambi rasmi, au fukwe zenye mivinje. Pwani kuna mtego mmoja: mnazi. Unapendeza kwenye picha, lakini dafu au kuti kavu likidondoka kutoka juu halichagui pa kuangukia. Ukilazimika kutumia mnazi, hakikisha umeshaanguliwa na makuti makavu yametolewa. Mikaratusi pia ina tabia ya kudondosha matawi bila taarifa. Kokote uendako, tazama juu kabla ya kutazama chini. Tawi kavu lililonasa juu ya kichwa chako linatosha kukufanya uhame.

Mti wenyewe uwe hai, umesimama imara, na shina liwe nene kuliko paja la mtu mzima, yaani kama sentimita 20 kwenda juu. Mbuyu achana nao, mikanda ya kawaida haiwezi kuuzunguka. Nguzo za matofali, kuta za uzio na nguzo za geti nazo si za kufungia. Bembea inavuta kwa pembeni kwa nguvu kubwa kuliko watu wanavyofikiri, na nguzo isiyo na nondo ndani inaweza kumwangukia aliyelala.

Wanyama nao wamo. Kwenye hifadhi za taifa, Kenya na Tanzania, kambi hupigwa sehemu zilizotengwa tu, na askari wa hifadhi ndiye wa kuulizwa kama bembea inaruhusiwa. Kitambaa chembamba hakikufichi kwa fisi wala simba. Naivasha, viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi, ndiyo maana kambi nyingi za kando ya ziwa zina uzio wa umeme. Lala ndani ya uzio huo, hata kama mti mzuri zaidi uko nje.

Mikanda ndiyo inayobeba maisha yako

Hapa usibane pesa. Bembea nyingi za bei chee huja na kamba nyembamba, na kamba ya namna hiyo ina matatizo mawili: inakata gome la mti, na inateleza. Tafuta mikanda bapa yenye upana wa angalau sentimita 2.5, ya polista. Nailoni inafaa kwa kitambaa cha bembea, ila kwa mikanda ni mbaya, kwa sababu inavutika, hasa ikilowa. Unalala ukiwa usawa wa kiti, unaamka umekaa chini kwenye matope.

Mikanda rahisi kwa anayeanza ni ile yenye vitanzi vingi vilivyoshonwa. Unazungusha mkanda kwenye mti, unachagua kitanzi, unapachika karabina, umemaliza. Karabina ziwe zile zenye maandishi ya uzito zinazobeba. Za kuning'inizia funguo hazihusiki kabisa hapa.

Sasa kuna hesabu kidogo, na inafaa kuielewa kwa sababu ndiyo inayokata mikanda. Watu wengi hukaza bembea hadi inyooke kama meza wakidhani ndiyo starehe. Mtu wa kilo 80 akilala na mikanda ikiwa imeshuka kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, kila upande unavutwa kwa uzito wa kilo 80. Ukikaza hadi nyuzi 15, kila upande unavutwa kwa karibu kilo 155. Ukikaza hadi nyuzi 5, inazidi kilo 450. Mtu ni yuleyule, bembea ni ileile.

Kwa hiyo kumbuka nyuzi 30. Nyoosha kidole cha shahada kwa ulalo kuelekea bembea, simamisha dole gumba juu. Mstari kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya shahada unakaribia pembe hiyo, na mkanda ushuke hivyohivyo. Simu nyingi pia zina programu ya kupimia pembe. Iweke juu ya mkanda usome. Miti iwe na umbali wa mita 4 hadi 5, mikanda ifungwe kwenye urefu wa kama mita 1.7 hadi 1.9, na ukikaa, makalio yawe usawa wa kiti cha kawaida, sentimita 45 hivi. Usitundike juu zaidi ya hapo. Kila siku kuna mtu anapiga picha akiwa amening'inia juu ya korongo, na kuanguka kutoka mita moja tu juu ya jiwe kunatosha kuvunja nyonga.

Kitambaa chenyewe

Kuna aina ya bembea yenye fimbo mbili za mbao kwenye ncha, ile ya hotelini. Kwa kambi, iache hotelini. Ni nzito na inapinduka kirahisi. Inayofaa ni ile ambayo kitambaa kinakusanywa pamoja kwenye kila ncha.

Kipimo cha maana ni urefu, na hapa ndipo wauzaji wanapowapata wageni. Tangazo litasema "ya watu wawili", mnunuzi anaona ni kubwa, anafurahi. Upana huo unasaidia kidogo tu. Bembea fupi, ya mita 2.6 au 2.7, inakukunja kama ndizi usiku kucha. Mtu mzima anahitaji mita 3 hadi 3.4. Urefu huo unamwezesha kulala kwa kukatiza, kichwa kikiwa upande mmoja wa mstari wa katikati na miguu upande mwingine. Ukilala hivyo mgongo unanyooka karibu kama kitandani. Siri hii si ngeni. Wenyeji wa Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi walilala kwenye bembea muda mrefu kabla ya Columbus kufika huko mwaka 1492 na kuziona. Kwetu, neno machela, ambalo leo wengi wanalijua kama kitanda cha kubebea mgonjwa, zamani lilitumika pia kwa kitambaa kilichoning'inizwa kwenye mti mrefu na kubebwa mabegani na wapagazi. Hicho kilikuwa chombo cha safari, na wapagazi hawakulala ndani yake.

Nailoni nyepesi ndiyo chaguo la kawaida kwa sababu inakauka haraka. Pamba ni laini na ya kupendeza uani, lakini ikilowa ni mzigo.

Kitu kimoja kidogo kinachosaidia sana: kamba nyembamba isiyovutika inayounganisha ncha mbili za bembea kwa juu. Urefu wake uwe kama asilimia 83 ya urefu wa kitambaa. Kwa bembea ya mita 3.3, hiyo ni karibu mita 2.75. Ukiwa nayo, bembea inalegea kiasi kilekile kila mara, hata umbali wa miti ukibadilika, na unapata mahali pa kutundika tochi na chandarua.

Fundi cherehani mzuri anaweza kukushonea. Nailoni imara ya mita 3.5 kwa 1.5, pindo nene kila ncha lenye nafasi ya kupitisha kamba, mishono mitatu badala ya mmoja. Kitambaa ukijaribu kwanza kwa kukalia taratibu karibu na ardhi, utajua kama kinabeba.

Baridi inatoka chini

Hili ndilo linalowashangaza watu wa nchi za joto. Begi la kulalia linakupa joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani ya manyoya au pamba yake. Ukililalia, sehemu ya chini inabanwa, hewa inatoka, na upepo unapita moja kwa moja chini ya mgongo wako. Hata joto likiwa karibu nyuzi 20 tu, mwenye bembea tupu anaweza kuamka anatetemeka. Sasa fikiria Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, mwezi Julai, ambako watu hutembea na makoti. Au Limuru.

Dawa ya kitaalamu ni mfarishi unaoning'inizwa nje, chini ya bembea, bila kubanwa na mwili. Ni mzuri na ni ghali. Anayeanza hana haja nao bado. Mkeka wa povu kama ule wa yoga, uwekwe ndani ya bembea, unafanya kazi. Unateleza, ni kweli, na mabega yatatoka nje yake, ila afadhali huo kuliko kukesha. Kizuia jua cha kioo cha gari, kile chenye rangi ya fedha, kikiongezwa pembeni kinaziba mabega. Sokoni kwa mitumba, kama Gikomba Nairobi au Karume Dar es Salaam, ukibahatika unapata begi la kulalia zuri. Lifungue zipu ulitumie kama blanketi la juu, mkeka ukae chini.

Mbu na mvua

Mbu anauma kupitia nailoni nyembamba. Kwa hiyo chandarua kinachofunika juu peke yake kinakuacha mgongo wazi, na malaria haijali kwamba ulikuwa likizo. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni bembea yenye neti ya zipu iliyoshonewa, ukiwa na mkeka chini ili mwiba wa mbu usifike. Ya pili ni neti ya mfuko inayozunguka bembea yote, juu na chini. Chandarua cha nyumbani kinaweza kutundikwa kwenye ile kamba ya juu, lakini kiwe kirefu cha kufika chini ya bembea na kukusanywa hapo kwa fundo.

Siafu ni habari nyingine. Kuning'inia hewani hakuwazuii, wao wanapanda mti na kufuata mkanda. Kagua mashina na ardhi kabla ya giza.

Turubai la mita 3 kwa 3 likitundikwa kwa pembe, kona moja kuelekea kila mti, linafunika bembea ya kawaida. La mita 3 kwa 4 linafaa zaidi kwa masika. Turubai la dukani la kufunikia mizigo ni zito, lakini kama gari linakufikisha kambini, linatosha. Lishushe chini pembeni upepo ukivuma. Kisha funga kipande cha uzi kwenye kila mkanda, sentimita chache kabla ya bembea, na ukiache kining'inie. Maji yanayotiririka kutoka mtini yatafuata uzi huo na kudondoka chini badala ya kuingia kitandani kwako. Wanaosahau uzi huu hulaumu turubai bure.

Kama pesa haitoshi kwa vyote, anza na mikanda, kitambaa kirefu na mkeka, ukalale mahali penye banda la kukimbilia mvua ikija. Neti usiiache popote penye mbu. Mfarishi unaweza kusubiri mwaka mwingine.

Na usiku wa kwanza usiwe porini. Tundika uani au kwenye shamba la ndugu, lala mchana saa moja, rekebisha, kisha lala usiku mzima na vifaa vyote. Saa tisa ikifika na mgongo umeganda, mlango wa nyumba uko hatua kumi, na asubuhi utajua hasa cha kuongeza.