Bunia: Kutengeneza taa ya nyumba kwa vitu vya okazyo bila kuleta hatari

Taa mpya ya plafo, ile yenye kioo kizuri na mnyororo, bei yake inashinda uwezo wa jamaa nyingi za Bunia. Lakini ya zamani inaweza kupatikana kwa pesa kidogo: sokoni, kwa mafundi wa radio na televisheni, ao kwa jirani anayehama. Mtu anaisafisha, anaipaka rangi, anaifunga nyumbani, na sebule inabadilika.

Kuko jambo moja la kuelewa kabla ya kununua. Kila taa iko na sehemu mbili: ile inayoonekana kwa macho, na ile inayobeba kura. Ya kwanza inaweza kuwa na miaka 40, hakuna neno. Ya pili ndiyo inaunguza nyumba na kuua watu, na hapo si pa kubana pesa.

Volti 220 ao volti 12?

Kituo cha Budana, katika territoire ya Djugu, kilijengwa wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, na ndicho kinajulikana sana kwa umeme wa Bunia. Kura ya laini ni volti 220. Wakati huohuo nyumba nyingi zinatumia sola ndogo zenye bateri ya volti 12, vyombo ambavyo vingi vinaingia kutoka Uganda kupitia Mahagi ao Kasenyi.

Kosa la kwanza linatokea hapa. Ampuli ya volti 12 na ile ya volti 220 zinaweza kuwa na mguu uleule wa visi. Ya 12 ikifungwa kwenye laini ya 220, inaungua mara moja, na inaweza kupasuka usoni mwa mtu. Soma maandishi kwenye shingo ya ampuli. Kama yamefutika, iache sokoni. Nyumba yenye kura zote mbili, weka alama ya rangi kwenye kila taa ya sola.

Volti 12 nayo si mchezo. Waya za bateri zikigusana zinaweza kuwa nyekundu kama makaa. Weka fyuzi karibu na bateri.

Nini kununua okazyo, nini kununua mpya

Okazyo inafaa kwa mwili wa taa: chuma, mti, kioo, mnyororo, abajuri. Hata kikapu cha zamani, kibuyu ao sahani ya enameli iliyotobolewa katikati vinaweza kuwa kifuniko kizuri.

Nunua mpya vitu vine: duyi, waya, interuptere na domino ya kuungia. Sababu ni hizi:

– Plastiki ya waya wa zamani inakauka. Ukiukunja unaona nyufa, na chuma kinabaki uchi.
– Duyi iliyotumika sana inalegea. Ampuli ikichezacheza ndani, inatoa cheche na joto. Weusi ao harufu ya kuungua ni alama kwamba imekwisha.
– Kuko waya mpya lakini wa uongo: rangi ya shaba juu, aluminiamu ndani. Kwaruza kwa kisu. Ukiona weupe, rudisha. Kwa taa inayoning'inia, waya laini wa milimita mraba 0.75 unatosha. Ndani ya ukuta, tumia 1.5.

Ampuli na joto

Ampuli ya zamani ya wati 60 inageuza karibu kura yote kuwa joto. Ampuli ya LED ya wati 9 inatoa mwangaza unaokaribiana nayo. Kwa saa 5 za usiku, ya kwanza inakula wati-saa 300, ya pili 45. Kwa hiyo kikapu, kitambaa ao kibuyu vifunikwe kwa LED tu. Usiifungie LED ndani ya kioo kisicho na hewa, maana inakufa mapema.

Zile ampuli nyeupe za kujizungusha ziko na zebaki kidogo ndani. Ikivunjika, fungua madirisha, toa watoto, ngoja dakika 15, kisha kusanya vipande kwa karatasi ngumu. Usifagie.

Kazi yenyewe

1. Shusha disjonktere. Kuzima kwa interuptere hakutoshi. Na kukatika kwa kura mjini si kukata kura: inaweza kurudi mkono wako ukiwa kwenye waya. Kama parseli iko na wapangaji wengi, waambie, na mtu mmoja abaki karibu na disjonktere.

2. Safisha mwili wa taa na uukaushe kabisa. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo futa kwa msasa uliolowa maji, nje, mbali na watoto.

3. Funga duyi mpya. Waya wa fazi uende kwenye kidole cha katikati, netre kwenye sehemu ya visi. Interuptere ikate fazi, si netre. Mwili wa chuma unahitaji waya wa kijani na njano unaoshuka ardhini. Kama nyumba haina, chagua mti ao kikapu, na duyi ya plastiki.

4. Taa ibebwe na mnyororo ao ndoano iliyofungwa kwenye mti wa paa. Waya usibebe uzito. Unapopita karibu na mabati, uingize ndani ya tiyo. Mabati yakiukata, paa zima linapata kura.

5. Rudisha kura, washa nusu saa. Kata tena, kisha gusa duyi na mahali waya zinapoungana. Kama pako moto sana ao kuko harufu, fungua uanze upya.

Wakati wa kuita fundi

Ita fundi kama ukuta ao mabati yanapiga, kama disjonktere inaanguka kila mara, ao kama huwezi kutofautisha fazi na netre kwa testa. Pesa ya fundi ni ndogo kuliko ya nyumba.

Mtu akikamatwa na kura, usimshike kwa mkono. Kata disjonktere kwanza. Kama iko mbali, simama mahali pakavu, msukume kwa mti mkavu, kisha mpeleke kituo cha afya hata kama anasema hajaumia.