Manowari Kuma na Vita vya Bahari ya Hindi

Jeshi la wanamaji la Japani lilikuwa na desturi ya kuziita manowari zake nyepesi kwa majina ya mito. Kuma ni mto wa Kyushu, na katika kisiwa hicho hicho, kwenye karakana ya Sasebo, ndiko ilikoundwa manowari iliyolichukua jina hilo. Mkuku wake ulilazwa Agosti 1918, ikashuliwa Julai 1919, na Agosti 1920 ikaingia katika utumishi. Ilikuwa ya kwanza ya manowari tano za umbo moja. Nyingine ziliitwa Tama, Kitakami, Oi na Kiso. Uzito wake ulikuwa tani 5,100 na urefu wake mita 162. Ilichukua mizinga 7 ya sentimita 14, na mirija 8 ya kurushia topido, yaani makombora yaendayo ndani ya maji. Mwendo wake ulifika maili 36 za baharini kwa saa.

Kila chombo huundwa kwa ajili ya kazi fulani, na kazi ya Kuma ilikuwa imekwisha kuwazwa kabla ya ubao wa kwanza kuwekwa. Wakuu wa Japani walitazamia kwamba siku moja watapambana na Wamarekani katika vita kimoja kikubwa cha kukata shauri, huko magharibi ya Pasifiki. Siku hiyo manowari nyepesi zingetangulia usiku, zikiongoza makundi ya manowari ndogo ziitwazo distroya, ili kuwapiga adui kwa topido kabla hakujapambazuka. Kwa hiyo Kuma ilipewa mbio na topido nyingi. Kuhusu adui ajaye kutoka chini ya maji haikufikiriwa sana, kwa kuwa manowari hiyo ilikusudiwa kuwinda, wala si kuwindwa.

Vita vilipoanza Desemba 1941, Kuma ilipelekwa Ufilipino. Ililinda meli zilizoteremsha askari Aparri na Vigan siku ya 10, na zile za Lingayen siku ya 22. Mapambano yake ya pekee ya ana kwa ana yalitokea karibu na Cebu, usiku wa kuamkia Aprili 9, 1942, nayo hayakuwa na manowari kubwa za Marekani, bali na mashua mbili ndogo za topido, PT-34 na PT-41. Mashua hizo zilijipenyeza gizani zikarusha topido zao, na moja ikaipiga Kuma omoni, lakini haikupasuka. Wamarekani waliondoka wakiamini kwamba wameizamisha, na habari hiyo ikatangazwa kwao kwa furaha. Ukweli ni kwamba Kuma iliendelea na safari yake. Asubuhi ile PT-34 ndiyo iliyoangamizwa, kwa ndege za Kijapani.

Siku hiyo hiyo ya Aprili 9, mbali upande wa magharibi, ndege kutoka manowari nyingine za Japani zilishambulia bandari ya Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka. Colombo ilikuwa imekwisha kupigwa siku nne kabla. Ndipo kundi la manowari za Kiingereza za mashariki lilipoihama Ceylon na kufanya Kilindini, Mombasa, kuwa ngome yake. Hata wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani walihamishiwa Mombasa, wakafanya kazi yao katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Hivyo pwani ya Waswahili ikawa upande mmoja wa bahari iliyopiganiwa, na upande wa pili ulikuwa Penang, kisiwa cha Malaya ambacho Wajapani walikitwaa Desemba 1941 na kukifanya kituo cha nyambizi zao. Nyambizi za Kijapani zilifika hata Diego Suarez huko Madagaska mwezi Mei 1942, kisha zikazamisha meli nyingi za biashara katika mlango wa Msumbiji.

Kuma nayo ilivutwa taratibu kuelekea bahari hiyo. Vita vile kimoja vya kukata shauri havikutokea kama vilivyowazwa, na chombo kilichoundwa kwa ajili yake kikawa mlinzi na mchukuzi: leo kinashika doria katika visiwa vilivyokuwa vya Waholanzi, kesho kinachukua askari. Mwanzoni mwa 1944 Kuma ilikuwa Penang. Wakati huo makao makuu ya kundi la Kiingereza yalikuwa yamerudi Ceylon, na nyambizi zilizotoka Trincomalee zilikuwa zikivizia katika mlango wa Malaka. Mojawapo ilikuwa Tally-Ho, iliyoongozwa na Leslie Bennington.

Januari 11, 1944, Kuma ilitoka Penang pamoja na distroya Uranami, kwenda kufanya mazoezi ya kupigana na nyambizi. Ilipokuwa kiasi cha maili kumi kaskazini-magharibi ya bandari, Tally-Ho ilirusha topido saba. Walinzi wa Kuma waliiona mikondo yake juu ya maji, na usukani ukageuzwa kwa nguvu, lakini wakati ulikuwa umekwisha kupita. Topido mbili ziliipiga upande wa kulia, karibu na tezi. Moto ukawaka, na manowari ikaanza kuzama kwa nyuma. Ilipokuwa ikididimia, mabomu yake yenyewe ya kupigia nyambizi yalipasuka. Uranami iliokoa waliosalia. Mabaharia 138 walikufa.

Mtu aweza kusema kwamba huo ulikuwa mkosi wa siku moja. Lakini yaliyozipata ndugu zake hayaruhusu hukumu hiyo. Oi ilizamishwa na nyambizi ya Kimarekani Julai 1944, na Tama vivyo hivyo Oktoba mwaka huo. Kiso ilipigwa na ndege Manila mwezi Novemba. Kitakami peke yake ndiyo iliyouona mwisho wa vita. Tatu kati ya tano, basi, ziliuawa na adui wa chini ya maji. Kosa halikuwa la nahodha mmoja wala la walinzi wa zamu moja; lilikuwa kosa la taifa lililojiandaa kwa vita vya siku moja, likasahau kwamba ufalme wa visiwa huishi kwa njia zake za bahari, na kwamba njia hizo hulindwa kila siku.

Hata hivyo, kufa kwa Kuma hakukuifunga bandari ya Penang. Mwezi uliofuata nyambizi I-27, mojawapo ya zile za Penang, ilikuwa karibu na visiwa vya Maldivi. Februari 12, 1944, iliipiga meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo ikiwa na watu zaidi ya 1,500, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki. Meli hiyo ilizama kwa dakika chache tu, na watu karibu 1,300 wakafa. Distroya za Kiingereza zilizoiwinda I-27 zilitupa mabomu yao majini palepale walipokuwa wakielea manusura, kwa kuwa nyambizi ilikuwa imejificha chini yao, na misafara mingine ilikuwa hatarini. Hatimaye I-27 nayo iliangamizwa.

Kwa hiyo habari za Kuma si habari za Wajapani na Waingereza peke yao. Bandari ambayo manowari hiyo iliitoka kwa mara ya mwisho ndiyo iliyokuwa kituo cha nyambizi iliyowaua vijana waliopakiwa Kilindini. Mwezi mmoja tu ulitenganisha vifo vya mabaharia 138 wa mlango wa Malaka na vya askari wale wa Maldivi, na wote walipigwa na adui ambaye wengi wao hawakupata hata kumwona. Anayetaka kujua Vita Kuu ya Pili ilifanya nini katika Afrika ya Mashariki hana budi kuzitazama ramani za Penang na Trincomalee kama anavyozitazama za Mombasa.