Newcastle si Timu Tu

Mwaka jana nilizika kuku 11 kwa siku 4. Nilikuwa nao 14, nyuma ya ploti yetu huku Ruiru. Walianza kukoroma wakipumua, kinyesi kikawa kijani, kisha mmoja akapinda shingo akabaki anatazama juu kama mtu anatafuta netiweki.

Huku kwetu wafugaji ni wengi na kila mtu ni daktari. Jirani wa mlango wa tatu aliniambia, "Kijana wangu, katakata shubiri, changanya na pilipili, uwaekee kwa maji." Nikampigia kukhu yangu kule Bungoma (ndiyo, sisi nyanya tunamwita kukhu, cheka umalize), naye akaniambia hivyo hivyo. Nikafanya. Wakakufa tu.

Kabla hujawacheka wazee, ngoja kidogo. Nilipoenda kununua vifaranga wengine, muuzaji alinipa ratiba ya chanjo. Majina matatu: Marek, Gumboro, Newcastle. Mimi ni mtu wa mpira, kwa hivyo hilo la mwisho lilinishtua. Usiku huo nikasoma hadi simu ikaisha chaji.

Marek ni mtu. József Marek, daktari wa mifugo wa Hungaria, aliandika mwaka 1907 kuhusu majogoo waliopooza miguu. Kifaranga huchomwa hiyo sindano akiwa na siku moja, mara nyingi kabla hata hujamnunua. Gumboro nayo ni mahali padogo jimbo la Delaware, Marekani, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1962.

Na Newcastle? Ni mji ule ule wa timu. Mwaka 1926 kuku walianza kuanguka kwenye shamba moja karibu na mji huo, na mwaka huo huo maafa kama hayo yakaonekana Java, mbali kabisa huko Asia. Jina la Uingereza ndilo lililoshika. Sisi kwa Kiswahili tunaita kideri. Kenya uliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935.

Hiyo 1935 ndiyo ilinifanya niweke simu chini. Kuku wenyewe wako hapa tangu lini? Kule Shanga, kisiwa cha Pate, wachimbuaji wa mambo ya kale walipata mifupa ya kuku katika makazi ya zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Yaani kuku ni mgeni aliyezeeka nasi, lakini kideri kwenye rekodi zetu hakijafikisha hata miaka 100. Maarifa ya kukhu ni ya zamani kuliko huo ugonjwa. Shubiri yake haikushindwa kwa sababu yeye hajui kuku. Ilikutana na kirusi, na hicho kirusi mpaka leo hakina dawa ya kukiua, hata kwa madaktari wenye digrii. Kuna chanjo tu.

Kwa mambo mengine, wasee, huyo mama hunifundisha kila wiki. Jivu kwenye kiota dhidi ya utitiri. Chungu chenye makaa yaliyofunikwa jivu kwenye kona ya vifaranga. Wakirundikana wanasikia baridi, wakitawanyika midomo wazi ni joto, na ukitaka kununua kipimajoto ni sawa, lakini bado utawaangalia vifaranga wenyewe. Na ajabu ni kwamba enzi za usichana wake kukhu hakuruhusiwa kuonja hiyo nyama. Alilisha, akafagia banda, wanaume wakala. Hiyo nitaiandikia siku yake, bado nina hasira.

Rudi kwa chanjo. Shida ya zamani ilikuwa joto: chanjo nyingi zinataka friji, na kijijini friji iko wapi? Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakatengeneza moja inaitwa I-2, inayovumilia joto zaidi, na mbegu yake ikatolewa bure kwa maabara za nchi kama zetu zijitengenezee. Tone moja kwenye jicho, unarudia kila baada ya miezi 3 au 4. Kuku akishaugua umechelewa.

Shida iliyobaki ni ndogo na ya kijinga. Chupa moja inatosha makumi ya kuku, na ukishaichanganya lazima uimalize siku hiyo. Mwenye kuku 5 anaona ni kupoteza pesa, anaacha. Kwa hivyo tumechanga, milango sita, chupa moja. Tunachanja Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla kuku hawajafunguliwa.

Yule mama ana kuku 9. Aliniuliza kama bado awape shubiri. Nikamwambia awape akitaka, mradi Jumamosi asinifungie mlango.