Pareto, Ua la Baridi

Msomaji, katika nchi za Ulaya, wakati wa baridi kali, huchomoza ardhini ua dogo jeupe, na watu husafiri mbali kwenda kulitazama na kuzipambanua aina zake. Kenyenya hakuna theluji. Walakini nyanda za juu za Gusii nazo zimepata kuwa na ua jeupe lipendalo baridi, ila hili halikupandwa kwa kutazamwa. Ni pareto.

Asili yake ni pwani ya Dalmatia, katika nchi iitwayo leo Kroatia. Maua yake yakikaushwa na kusagwa huwa unga uuao wadudu, wala haumdhuru sana mwanadamu. Baada ya Dalmatia, Japani ndiyo iliyoongoza kwa kilimo chake. Mbegu zililetwa Kenya mwaka 1928, na wakati wa Vita Kuu ya Pili Kenya ikaipita Japani.

Yafaa ujue namna ya kuitambua, kwani maua meupe yenye kitovu cha manjano ni mengi. Tazama majani kwanza: yamechanika vipande vyembamba, na rangi yake ni kijani kilichochanganyika na kijivu. Hata jina lake la kisayansi lataja majivu. Pareto ya Uajemi, ambayo ni ndugu yake, ina petali nyekundu au za waridi. Sumu yenyewe haimo katika petali hizo nzuri. Nyingi imo katika vijimbegu vilivyofichwa ndani ya kitovu. Ndiyo maana mchumaji hungoja ua lichanue vyema.

Lakini kwa nini nyanda za juu? Mmea huu hauchipuzi maua mpaka uonje baridi. Ukiupanda mahali pa joto, utapata majani tele na maua haba. Ulaya baridi hiyo huletwa na majira; kwetu huletwa na mwinuko wa nchi, na kwa hiyo mkulima huweza kuchuma mara nyingi katika mwaka, kila baada ya majuma mawili au matatu.

Hapo mwanzo faida ilikuwa ya walowezi wa Kizungu. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia Waafrika njia pana zaidi ya kupanda mazao ya kuuza, na baada ya uhuru wa 1963 wakulima wadogo, wa Gusii wakiwamo, wakawa nguzo ya zao hili. Kazi ilikuwa ya mikono, ua moja moja. Na kilo nne au zaidi za maua mabichi hutoa kilo moja tu ya makavu. Kwa miaka mingi Kenya ilitoa zaidi ya nusu ya pareto yote ya dunia.

Kisha malipo yakaanza kuchelewa, miezi kwa miezi. Watu husema kwamba dawa za viwandani ndizo zilizoiua pareto. Ziliipunguzia soko, ni kweli, lakini mimi nauona ucheleweshaji huo kuwa pigo kubwa zaidi: mzazi mwenye karo ya kulipa hawezi kungoja. Wengi waling'oa pareto wakapanda chai na mahindi, na Tasmania, kisiwa cha Australia, ikashika nafasi ya kwanza. Sheria ya mwaka 2013 iliruhusu makampuni ya watu binafsi kununua maua, na baadhi ya wakulima wameanza kupanda tena.