Kigezo cha fundi na skripti ya kompyuta: historia fupi ya tole

Wandugu, kuna maneno yanarudi kila mara katika mazungumzo yetu ya wahitimu: eti sisi wa Bukavu tumechelewa, programu za kuchora kwa kompyuta zimetukuta tukiwa bado tunagonga tole kwa nyundo. Mimi naona historia inasema kitu kingine. Skripti za tole tulikuwa nazo zamani. Zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari ukutani.

Ingia katika atelie yoyote ya Kadutu wanakotengeneza mbabula, ndoo, au mabomba ya moshi. Utaona vipande vya tole nzee, vingine vya kartoni ngumu, vimekatwa kama upinde, viko na namba zilizoandikwa kwa rangi. Wengine wanaita kigezo, wengine patroni. Fundi anaweka kigezo juu ya tole mpya, anazungusha msumari, anakata, anakunja. Mbabula ya kwanza na ya arobaini zinatoka sawasawa. Mtu mmoja alifikiri mara moja, pengine miaka ishirini iliyopita, na wote waliokuja nyuma wanafuata hatua zake bila kuanza upya. Ukimwuliza mtu wa informatiki skripti ni nini, atakupa jibu hilohilo, ila kwa Kifaransa.

Na ndani ya kigezo kuna hesabu ya kweli. Chukua ndoo yenye mdomo wa sentimita 30, kitako cha sentimita 20, na ubavu wa kuinama wa sentimita 25. Ukiifunua na kuilaza chini, haiwi mstatili hata kidogo. Inakuwa kipande cha duara: upinde wa nje una nusu-kipenyo cha sentimita 75, wa ndani 50, na pembe ni digrii 72. Unapata wapi 72? Tofauti ya nusu-vipenyo viwili, yaani 15 toa 10, unazidisha kwa 360, unagawa kwa 25. Basi. Halafu unaongeza ukingo wa kufungia mshono. Mafundi wengi hawajaandika hesabu hiyo popote, lakini mikono yao inaijua.

Aliyeipa kazi ya namna hii heshima ya kitabu ni Mfaransa, Gaspard Monge. Alikuwa akifundisha katika shule ya kijeshi ya Mézières, na njia yake ya kuchora umbo la pande tatu kwenye karatasi bapa ilifichwa kwa miaka kama siri ya jeshi, juu ilisaidia kupanga ngome. Alikuja kuifundisha wazi Paris mwaka 1795, na kitabu chake Géométrie descriptive kikatoka 1799. Nasimama kidogo hapa: maarifa ya kufunua maumbo yalianza kama siri ya serikali, na leo katika mtaa wetu ni siri ya atelie. Kigezo hakiazimwi ovyo. Fundi akifa, mara nyingi watoto wanauza vigezo kwa kilo pamoja na vyuma vikuukuu.

Hesabu za Monge zilifika huku kupitia shule za ufundi za Wabelgiji, wakati mji ungali unaitwa Costermansville. Lakini zilifika zikiwa zimekatwa nusu. Mkoloni alitaka mikono ya kukata na kukunja. Hakutaka sana mtu wa kukaa mbele ya meza ya kuchora. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa 1954 tu, na uhuru wa 1960 ulikuta Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu wanahesabika. Kwa hiyo fundi alipewa kigezo bila kupewa fomula. Shule kama Institut Technique Fundi Maendeleo, ITFM yetu, zimejaribu kuunganisha vipande hivyo viwili, na kwangu jina lake lenyewe linasema kazi iliyo mbele. Hata hivyo ule mpasuko bado tuko nao: kule atelie kuna mtu anayejua tole, huku kwenye auditoriamu kuna mtu anayejua kompyuta, na wanakutana siku ya kununua mlango.

Kwa jirani zetu wa Nairobi kuna mfano mzuri wa watu hao wawili kukutana mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilizaliwa jiko la Kenya la bati na udongo, lile lenye kiuno katikati, wazo lake likitokana na jiko la ndoo la Thailand. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Gikomba walitengeneza ganda la bati. Watu wa vyungu walitengeneza kikombe cha udongo cha kuingia ndani. Hapo ndipo vipimo vilipoanza kuuma. Mtu wa bati na mtu wa udongo hawakai pamoja, kwa hiyo ganda likizidi kidogo, udongo unacheza na kupasuka, likipungua, hauingii. Kiuno kile ni koni mbili zilizogeuziana vichwa, na kila koni iko na kigezo chake. Mwaka 1991 Hugh Allen alitoa kitabu cha mwongozo kwa ajili ya watengenezaji wa jiko hilo. Kilichokuwa ukutani kikawa kwenye karatasi, na karatasi inaweza kusafiri. Sisi tunaonunua makala yanayotoka mpaka kwenye msitu wa Kahuzi-Biega, jambo la mbabula inayokula makaa kidogo halituhusu kwa mbali.

Sasa kompyuta. AutoCAD ilitoka Desemba 1982, bei yake dola 1,000, na ilikuwa inachora mistari, hakuna zaidi. Mabadiliko ya kweli, kwa maoni yangu, yalikuja Januari 1986, pale kampuni ya Autodesk ilipoweka ndani yake lugha ndogo, AutoLISP, mtoto wa mbali wa ile LISP ya John McCarthy ya mwaka 1958. Kuanzia hapo mchoraji hakuhitaji kungoja kampuni imfikirie. Mtu wa mabomba ya hewa aliandika mistari michache: niulize kipenyo cha juu, kipenyo cha chini, urefu, halafu nichoree tole iliyofunuliwa. Ile digrii 72 yetu ikawa kazi ya sekunde moja. Gazeti la Cadalyst lilikuwa linachapa skripti za wasomaji, na watu walizinakili herufi kwa herufi kwenye kibodi.

Lakini kuna kitu skripti hizo za kwanza zilikiruka, na hapa naomba mnivumilie, ndipo penye utamu. Tole iko na unene. Ukiikunja, upande wa nje unavutika, upande wa ndani unabanwa, na katikati kuna mstari usiorefuka wala kufupika. Walimu wetu waliuita fibre neutre. Mstari huo haukai katikati kabisa, unasogea kuelekea ndani. Umbali wake kutoka ndani ukigawanywa kwa unene ndio namba K. Chukua tole ya milimita 2, mkunjo wa digrii 90, duara la ndani la milimita 2. Ukiweka K kuwa 0.33, mkunjo unakula milimita 4.18 za tole. Ukiweka 0.5, unakula 4.71. Ni nusu milimita, utasema. Kisanduku chenye mikunjo minne kinakosea zaidi ya milimita 2, na kifuniko hakifungi.

K hiyo inategemea chuma chenyewe, mashine, hata mtindo wa kukunja. Sisi tunakunja juu ya kipande cha reli kwa nyundo, au kwa mashine ya mkono iliyochomelewa papa hapa mtaani, na tole yetu mara nyingine ni pipa lililopasuliwa na kunyooshwa. Hakuna meza ya namba kutoka Ulaya iliyopimwa kwa pipa la Kadutu. Njo maana mimi siamini sana habari ya kudaunilodi skripti na kuitumia kama ilivyo.

FreeCAD imefungua mlango hapa. Jürgen Riegel aliianzisha, ikatoka mwaka 2002. Toleo la 1.0 lilifika Novemba 2024. Ni ya bure kabisa na inaandikiwa skripti kwa Python, lugha ambayo wengi wetu tulipita nayo shuleni. Wanaojitolea wameiongezea sehemu ya tole, SheetMetal, na ndani yake unaweza kuweka jedwali lako mwenyewe: safu moja uwiano wa duara na unene, safu nyingine K. Angalieni jambo moja: unatakiwa kusema kama K yako ni ya ANSI au ya DIN. Za DIN ni mara mbili, 0.4 ya kwanza ni 0.8 ya pili.

Kupima hakuhitaji maabara, wala umeme, kwa hiyo delestaje isiwe sababu. Kata ukanda wa milimita 100 kutoka tole ya milimita 2. Mpe fundi aukunje digrii 90 katikati, duara la ndani milimita 2. Pima miguu yote miwili kwa nje kwa kalipa, jumlisha. Tuseme umepata 103.8. Toa jumla hiyo kutoka 100, ongeza 8, ambayo ni mara mbili ya duara na unene vikijumlishwa: mkunjo umekula 4.2. Gawa kwa 1.5708, toa 2, gawa kwa 2, una K ya karibu 0.34. Rudia mara tano, kwa fundi yuleyule, halafu kwa fundi mwingine. Andika jina la tole, ilikonunuliwa, nani alikunja. Jina la fundi liwe ndani ya faili pamoja na la kwako, juu bila mkono wake hiyo namba haipo.

Nimeanza jedwali na tole nyembamba za mbabula. Za milango na za matangi bado. Kama mzee wako alisoma mekaniki miaka ya 1970 au 1980 na daftari lake la michoro liko bado kwenye sanduku, lipige picha ukurasa kwa ukurasa. Na kama kuna atelie kwenu Bagira au Panzi yenye vigezo vya zamani ukutani, omba ruhusa kwanza, kisha pima pembe zake.